Je, wajua kwa nini katuni fupi ya watoto hubeba ajabu moja tu?

Hesabu ndiyo inayoamua. Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi hutumia kila mchoro kwa fremu 2. Sekunde moja basi hula michoro 12. Dakika 3 ni michoro 2,160, tena kwa mhusika mmoja asiyetulia. Mlete wa pili, na kazi inakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana wazo zuri huchukua jambo la kweli, likavunja kanuni yake moja, mengine yote yakabaki yalivyo.

Mkitafuta wazo la katuni Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mambo ya kweli hayakosekani. Kaeni watu watatu au wanne, dakika 20, mwandike mambo 20 ya mji na ziwa, kila moja kwenye karatasi yake, bila mtu kumkosoa mwenzake. Ya mwanzo huwa ni sungura mjanja na fisi mlafi, yapiteni tu. Kisha kila karatasi iulizwe: ingekuwaje kama?

Tuchukue dagaa. Wavuvi wa Kibirizi, mwalo wa hapo Kigoma, huingia ziwani usiku na taa, dagaa wakajikusanya kwenye mwanga, wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikikolea, ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu ya kuwavuta, na vyombo vingi hupumzika. Sasa, ingekuwaje kama Mwezi angeomba kazi kwenye mtumbwi? Anatamani sana kusaidia, lakini kila akiinama kumulika, dagaa wanatawanyika. Mhusika tayari unaye, haja yake unayo, na kinachomzuia ni mwanga wake mwenyewe. Ufumbuzi nao umo humo humo: mwezi hupungua usiku baada ya usiku, basi ajikondeshe mpaka atoshe kuning'inia mahali pa taa.

Usiku wenyewe unampunguzia mchoraji kazi, kwa kuwa anachora kile tu kinachoguswa na mwanga. Kundi la dagaa lichorwe kama umbo moja linalopinda. Anayechora samaki mmoja mmoja hamalizi.

Wazo hili huharibika pale anapoongezwa dagaa anayesema, halafu mtumbwi unaopaa. Mtoto hajui tena lipi linawezekana na lipi haliwezekani, na bila kujua hilo hawezi kuhofu kwamba Mwezi atashindwa. Huharibika pia likianzia kwenye funzo: wahusika wanageuka wahubiri.

Au meli ya Liemba, iliyozamishwa mwaka 1916 na kuinuliwa 1924: ingekuwaje kama iliwazoea samaki mpaka ikagoma kutoka?

Mkishachagua, msimulieni mtoto wa miaka 6 kwa nusu dakika, kisha mwombeni amsimulie mwenzake. Atakachokiruka kiondoeni, hata kama mnakipenda. Akiongeza la kwake, liandikeni hapo hapo.