Biashara ya nyumbani: soma hati ya kiwanja kabla hujaomba leseni

Watu wengi wakipata wazo la biashara ya nyumbani kitu cha kwanza wanakimbilia TRA (mamlaka ya mapato) kuchukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, wakitoka hapo BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kusajili jina, alafu wanachukua hela ya kikoba wananunua oveni au mashine za kushonea au madraya ya saluni, vitu vishafika ndani vimepangwa ndo wanakuja kwetu ofisi ya biashara ya halmashauri kuomba leseni. Hapo ndo tunaanza kuulizana maswali ambayo yalitakiwa kuulizwa mwanzo kabisa, kiwanja kina matumizi gani, nyumba ni yako au umepanga, maji machafu yanaenda wapi, jirani yuko umbali gani. Na majibu yakiwa mabaya inaniuma kweli, maana hela imeshatoka na huyo mtu anadaiwa.

Kitu ambacho naomba kieleweke ni kwamba leseni haikupi ruhusa ya kufanya biashara tu, inakupa ruhusa ya kufanya biashara fulani mahali fulani. Ndo maana ukiwa na sehemu mbili unahitaji leseni kila sehemu. Kwa hiyo swali la mahali linatakiwa kutangulia, mengine yote yafuate. (Hapa naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana taratibu zao na taasisi zao.)

Kama una hati itoe kabatini uisome, usiishie kwenye jina na namba ya kiwanja, tafuta palipoandikwa matumizi. Ikiandikwa makazi maana yake serikali imekumilikisha hiyo ardhi kwa sharti la kuishi, na masharti ya hati sio mapambo, yanatokana na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Ikiandikwa makazi na biashara una nafasi kubwa zaidi. Sasa ukitaka kubadilisha matumizi unaenda kitengo cha mipango miji hapo hapo halmashauri, unajaza maombi, linatoka tangazo ili majirani na wengine wenye maoni au pingamizi waseme, wataalamu wanakuja kuangalia eneo, ndo maombi yanaingia kwenye vikao. Inachukua muda, na ujue kabisa kodi ya pango la ardhi kwa kiwanja cha biashara ni kubwa kuliko ya makazi, iweke kwenye hesabu zako.

Ila msitishike, sio kila biashara ya nyumbani inakupeleka kwenye kubadilisha matumizi. Mama ana cherehani moja sebuleni anashonea sare za shule mtaani, kijana anafanya kazi za grafiki kwenye laptop chumbani kwake, nyumba inabaki kuwa nyumba. Tofauti inakuja pale biashara inapoanza kuimeza nyumba. Afisa mipango miji akija ataangalia wateja wanakuja wangapi na wanapaki wapi, kuna kelele, moshi au harufu, kuna wafanyakazi wanaotoka nje ya nyumba, kuna mzigo unashushwa na gari kubwa kwenye barabara ya mtaa ya udongo. Yeye ndo mwenye kusema hii inahitaji kibali au haihitaji, na kumuuliza ni bure, nenda na kopi ya hati na maelezo ya unachotaka kufanya hata kama umeyaandika kwa mkono.

Wengi wetu tunaishi kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, hati hakuna, pengine kuna leseni ya makazi (karatasi ya serikali ya kukaa kwenye ardhi isiyopimwa kwa muda, sio leseni ya biashara) au karatasi ya mauziano iliyosainiwa serikali ya mtaa. Hapo mwenyekiti na mtendaji wa mtaa ndo mlango wako, barua yao ya kukutambulisha ina uzito sana kwetu kwa sababu wao ndo wanajua hiyo nyumba iko wapi na ina mgogoro au haina. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba mapema na mkubaliane kwa maandishi, mkataba uliosema unapanga kwa ajili ya kuishi haukulindi akibadilika. Na kuna jambo la kodi ambalo linawashtua watu, ukipanga sehemu kwa ajili ya biashara wewe mpangaji unatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, sasa ukishamlipa baba mwenye nyumba pango la mwaka mzima mkononi kumrudia kudai hiyo asilimia ni ugomvi, mmalizane kabla hela haijatoka. Wanaokaa kwenye maghorofa wasome pia mkataba na taratibu za jengo lenyewe, zinaweza kukataza hata kama halmashauri haina tatizo.

Kuna hili la fremu, yaani chumba cha duka. Mtu anavunja ukuta wa sebule inayoangalia barabarani anatoa mlango wa geti la kukunja, au anasogeza mbele kachumba ka duka mpaka karibu na mtaro. Hayo ni mabadiliko ya jengo, yanahitaji kibali cha ujenzi, na usiseme mbona fulani kajenga, fulani huyo inawezekana notisi anayo ndani. Barabara kuu na za mkoa kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na mmeona wenyewe zile alama za X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta. Kuwa na leseni ya biashara hakufuti X. Pima kwanza, uliza TANROADS (barabara kuu na za mkoa) au TARURA (za mitaa na vijijini) kulingana na barabara ilivyo, alafu ndo umwite fundi.

Sasa nikae kidogo kwenye chakula, maana ndo biashara ya nyumbani inayofanywa sana na ndo inayokwama sana. Chukua mfano mama anaoka keki nyumbani na anataka aanze kusambaza kwenye maduka na kupokea oda za harusi. Bwana afya au bibi afya akija hataanza kuonja keki. Ataangalia maji yanatoka wapi na yanahifadhiwa kwenye nini, kama kuna sehemu ya kunawia mikono yenye sabuni pembeni ya pale unapokandia, ukuta wa jiko unaosheka au ni tofali zinadondosha mchanga, dirisha lina wavu wa inzi, ndoo ya taka ina mfuniko, unga uko juu ya kichanja au umelazwa sakafuni kwenye unyevu, choo kimefungukia wapi, friji ya siagi na mayai imechanganywa na samaki wabichi wa chakula cha jioni. Hilo la friji watu wanaliona dogo, jamani sio dogo, keki ya mtu wa harusi haitakiwi kulala na dagaa. Mtungi wa gesi ataangalia umekaa wapi na mpira wake ukoje, na watu wa Zimamoto nao wana ukaguzi wao na kifaa cha kuzimia moto wanakiulizia.

Mama mwenyewe na binti anaemsaidia watatakiwa kupima afya, na kipimo cha wanaoshika chakula kinarudiwa kila baada ya miezi sita, msingi wake ni Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Tukija kwenye usajili wa jengo la chakula, tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalihama kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kwenda TBS (shirika la viwango), kwa hiyo ukiona mtu anakwambia nenda TFDA jua taarifa yake ni ya zamani. Bidhaa ikifungashwa na kuwekwa lebo, mfano karanga, unga wa lishe, pilipili ya chupa, asali, kuna alama ya ubora ya TBS pia, na mjasiriamali mdogo akipitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) akapata barua ya utambulisho anapata nafuu kubwa kwenye gharama. Watu wanaiogopa TBS bila sababu, nenda SIDO ya mkoa wako kwanza, watakuonyesha na namna ya kupanga chumba cha uzalishaji kabla hujaweka hata tailizi moja.

Biashara nyingine nazipitia haraka kwa sababu kila moja ina mwenyewe. Kituo cha kulelea watoto mchana unaanza na afisa ustawi wa jamii, kiko chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, usikusanye watoto wa watu sebuleni kwa sababu tu una roho nzuri na nafasi. Duka la dawa ni Baraza la Famasi. Pombe ina leseni yake peke yake ya vileo na ina tarehe zake za kuisha, 31 Machi na 30 Septemba, sio leseni ya duka unaiongezea kreti za bia. Ukitengeneza au kuuza vipodozi jengo linasajiliwa TBS kama ilivyo kwa chakula.

Kuchomelea na useremala ndo kazi zenye malalamiko mengi mezani kwetu, na naelewa pande zote mbili. Fundi anatafuta riziki, kodi ya sehemu mjini ni ghali, uwani kwake kuna nafasi. Lakini ukuta wa jirani uko hatua mbili, kuna mtoto mchanga ndani, grenda inaanza saa moja asubuhi Jumapili na cheche zinaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, viwango vya maeneo ya makazi ni tofauti na vya viwandani na usiku vinabana zaidi, na jirani akiandika barua serikali ya mtaa, halmashauri au NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa) itafanyiwa kazi. Mimi ushauri wangu ni upite kwa majirani kabla ya mashine kufika, uwaambie unataka kufanya nini na saa ngapi, uwasikilize. Wengine wanakubali ukiwaambia mwisho saa kumi na moja jioni na Jumapili hakuna. Na akikataa kabisa ujue mapema, utafute eneo lililotengwa kwa kazi hizo.

Hayo yakikaa sawa ndo tunakuja kwenye makaratasi ya biashara yenyewe na kiukweli hapa siku hizi ni rahisi. TIN ni bure. Jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao, ila ukifanya biashara kwa majina yako mwenyewe bila kuongeza kitu hulazimiki. TRA wanakukadiria na kukupa uthibitisho wa kodi wa kuombea leseni, na mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 kwa mfanyabiashara binafsi mdogo hayana kodi ya mapato. Watu wanachanganya hapa, kutodaiwa kodi ya mapato sio kusamehewa leseni. Wale wadogo kabisa, mama lishe na machinga, wana kitambulisho chao cha shilingi 20,000, waonane na afisa maendeleo ya jamii.

Leseni zimegawanywa Kundi A ambazo ziko BRELA na Kundi B ambazo ni za halmashauri, na biashara nyingi za nyumbani ziko Kundi B. Unaingia mfumo wa mtandaoni wa Tausi wa TAMISEMI (ofisi ya serikali za mitaa) na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na TIN, unaomba, unaambatanisha hati au mkataba wa pango na vibali vya sekta kama vipo, afisa biashara anapitia, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Ada inategemea aina ya biashara na mahali ulipo, jiji na kijiji havilingani. Na hili la kuuza Instagram au WhatsApp mzigo ukiwa chini ya kitanda, hiyo nayo ni biashara, sheria haijaitoa, na TRA mwaka 2025 waliwaita wauzaji wa mtandaoni wajisajili.

Mtu akija mlangoni anasema katoka halmashauri anataka hela taslimu akusaidie leseni itoke chap, mwombe kitambulisho na umwambie akupe namba ya malipo. Asipokuwa nayo usimpe kitu, piga simu kwa mtendaji wako.

Leseni ikitoka itoe kopi uibandike mahali inapoonekana, andika tarehe ya mwisho ukutani maana inaishi miezi 12 tu tangu ilipotolewa, na ukihama nyumba usihame nayo kimya kimya, ile imeandikwa mahali pa zamani, rudi ofisini turekebishe kabla hujapokea oda ya kwanza kwenye nyumba mpya.