Kisima Kilicho Karibu na Kiwanda: Maswali na Majibu

Je, chini ya ardhi kuna mto ambao kisima huchota?

Kwa kawaida hakuna. Maji hujaa katika nafasi ndogo zilizo baina ya chembe za mchanga na changarawe au katika nyufa za miamba, na tabaka linaloyahifadhi na kuyapitisha huitwa akwifa. Humo husogea polepole, kutoka penye usawa wa juu kwenda penye usawa wa chini.

Kiwanda kiko mbali, tena ng'ambo ya mto. Tuhofu nini?

Hofuni pampu. Katika mji wa Woburn, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, visima viwili vya umma, G na H, vilianza kutumika mwaka 1964 na 1967 katika bonde la mto Aberjona lililozungukwa na viwanda. Vilifungwa Mei 1979, baada ya kisima G kukutwa na mikrogramu 267 kwa lita za trikloroethilini, kiyeyusho cha kuondolea grisi kwenye vyuma. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani leo ni 5. Wataalamu wa jiolojia wa serikali walipoviwasha tena kwa takriban mwezi mmoja, kuanzia Desemba 1985, usawa wa maji ya ardhini ulishuka pande zote mbili za mto, na sehemu ya maji ya mto wenyewe ikavutwa chini kuelekea visimani. Mto, ambao wengi wangeudhania kuwa ukuta, haukuzuia kitu.

Kulikuwa na madhara kwa afya?

Kati ya 1969 na 1979 watoto 12 wa Woburn waligunduliwa kuwa na saratani ya damu, ilhali waliotarajiwa ni takriban 5. Uchunguzi wa idara ya afya ya jimbo, uliotolewa mwaka 1997, ulihusisha ugonjwa huo na maji yaliyonywewa na akina mama wakati wa ujauzito, ingawa idadi ndogo ya wagonjwa hulazimisha tahadhari katika kuhukumu.

Tukiyachemsha, yatakuwa salama?

La. Kuchemsha huua vijidudu, lakini huiondoa trikloroethilini kwa kuigeuza mvuke ambao mpishi huuvuta jikoni, na metali kama kromiamu hubaki sufuriani zikiwa zimekolea zaidi. Klorini nayo haiziondoi sumu hizi.

Basi tufanye nini?

Pelekeni sampuli maabara, mkitaja kemikali ambazo kiwanda hutumia, kwani kipimo cha kawaida cha vijidudu na chumvi hakiwezi kugundua viyeyusho.