Kijana mwenye usonji hujifunza kazi akiwa kazini

Vitengo vya watoto wenye usonji (autism) hapa Tanzania, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, vingi viko ndani ya shule za msingi. Mtoto anaota ndevu akiwa bado humo, kisha siku moja anaambiwa umri umepita, anarudi nyumbani. Ndipo wazazi wanapotujia sisi wa huduma za utengamao, tunaowasaidia wenye ulemavu kujitegemea na kufanya kazi, na swali lilelile: tumpeleke kozi gani? Wengine kijana wao ameshamaliza kozi mbili, ushonaji na kompyuta. Vyeti viko kwenye bahasha kabatini, mwenyewe yuko sebuleni mbele ya runinga.

Jibu langu huwaudhi wengi. Kozi ya tatu haihitajiki. Kinachohitajika ni kazi halisi, yenye bosi na saa ya kuingia, na mtu wa kusimama naye pale mwanzoni.

Wengi wenye usonji hujifunza jambo pamoja na mazingira yake. Aliyefundishwa kutumia mashine ya kufulia ya chuoni anaweza kuduwaa mbele ya mashine ya hotelini kwa sababu tu kitufe cha kuwashia kiko upande mwingine. Hajasahau. Ujuzi wake umefungamana na ile mashine, ile kona na yule mwalimu. Ukimfundisha darasani ukitegemea ataubeba ujuzi huo hadi kazini, umemtwisha lile lililo gumu kwake kuliko yote.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Miaka ya 1970 huko Marekani, mtafiti wa elimu maalumu Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, waliokwisha kukatiwa tamaa, kuunganisha breki za baiskeli. Aliigawa kazi katika hatua ndogondogo, akaonyesha zaidi kuliko kusema, na wakaweza. Baadaye Paul Wehman na wenzake wa Virginia Commonwealth University wakaugeuza utaratibu uliozoeleka: badala ya mtu kuandaliwa miaka na miaka kwenye karakana ya wenye ulemavu ndipo atafutiwe ajira, aajiriwe kwanza, afundishwe akiwa kazini. Mwaka 1986 utaratibu huo uliingizwa kwenye sheria ya utengamao ya Marekani. Ndio tunaouita ajira yenye usaidizi.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1996, muuguzi Erin Riehle, kiongozi wa idara ya dharura katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, alikuwa na shida ya kawaida kabisa ya kiutawala. Watu wa kujaza vifaa kwenye kabati za idara yake walikuwa hawakai. Akaona vijana wenye ulemavu, ambao hospitali ilikuwa ikiwahudumia kama wagonjwa, wangeweza kuifanya kazi hiyo. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa Project SEARCH, ambao kijana hutumia mwaka wake wa mwisho wa shule ndani ya hospitali au kampuni akijaribu idara tofauti. Wehman na wenzake waliupima kwa vijana wenye usonji katika hospitali za Virginia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: kati ya 24 waliopitia mpango huo, 21 walipata kazi. Kati ya 16 waliobaki na utaratibu wa kawaida wa shule, aliyepata kazi ni 1 tu. Idadi ni ndogo, nakubali, lakini pengo la namna hiyo ni vigumu kulisingizia bahati.

Nakipenda kisa cha Cincinnati kwa sababu hakikusimama juu ya huruma peke yake. Kulikuwa na kabati tupu zinazosubiri mtu. Ukienda kwa meneja kumwomba nafasi kwa ajili ya kijana mwenye ulemavu, utapewa soda na ahadi. Muulize badala yake ni kazi zipi pale hazimaliziki, au zinamlia muda mtu wa mshahara mkubwa. Kwenye duka la dawa utamkuta mfamasia anayetumia asubuhi nzima kukagua tarehe za mwisho wa matumizi, akisogeza mbele zile zinazokaribia kuisha. Kijana anayekumbuka siku za kuzaliwa za ukoo mzima anaweza kuifanya kazi hiyo bila kuchoka, na mfamasia akarudi kwa wagonjwa. Kwenye dobi la hospitali kuna mashuka ya kupanga kwa wodi. Ofisini kuna mafaili ya miaka yanayosubiri kuingizwa kwenye kompyuta.

Msidhani, hata hivyo, kwamba kila mwenye usonji ni hodari wa namba. Hilo limeenea kupita kiasi, na linawaumiza wale wanaopenda kuku, udongo au jiko. Wapo pia wanaochukia kabisa kurudia kitu kimoja. Kwa hiyo kabla ya kumtafutia nafasi tunamtazama: nyumbani, sokoni, kwenye ibada. Nini kinamsahaulisha muda? Nini kinamfanya azibe masikio? Asiyevumilia mlio wa grenda hapelekwi kwa mchomeleaji, hata kama mjomba wake ndiye mwenye karakana.

Usaili wa mezani ni kipimo kibaya kwake. "Tuambie kuhusu wewe" ni swali lisilo na mwisho, na kukwepa macho ya msaili huchukuliwa kama kuficha jambo. Tunamwomba mwajiri ampe siku chache za majaribio, amwone akifanya.

Kisha anaingia mkufunzi wa kazini, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kabla kijana hajafika, mkufunzi anaifanya ile kazi kwa mikono yake na kuandika kila hatua. Kijana akianza, mkufunzi anasimama ubavuni, anaonyesha, anaelekeza kwa kidole, halafu anarudi nyuma: kwanza hatua mbili, kisha chumba cha pili, kisha anakuja mara moja kwa wiki. Mkufunzi anayeng'ang'ania kubaki amegeuka kuwa kikwazo, kwa sababu wafanyakazi wengine watamwambia yeye badala ya kumwambia kijana. Kwetu hakuna mfuko wa kumlipa mkufunzi kwa muda mrefu, hivyo mapema kabisa anatafutwa mfanyakazi mmoja wa palepale, mtulivu, wa kuulizwa mambo. Mama mzazi asiwe mkufunzi. Najua mtauliza nani mwingine atajitolea, lakini kijana aliyeletwa kazini na mama yake atabaki mtoto machoni pa wenzake.

Mengi yanayovunja ajira hizi hayahusu kazi yenyewe. Kijana anapita mbele ya mhasibu mwenye mvi bila shikamoo, na kufikia mchana ofisi nzima imeshakubaliana kwamba hana adabu. Yeye alikuwa akiwaza rafu yake. Salamu tunamfundisha kama hatua ya kwanza ya kazi, na wenzake tunawaeleza mapema. Kuna pia maagizo yetu ya kawaida: "fanyafanya hapo", "nikirudi nikute pamependeza". Hayo hayana maana kwake. Mwambie: futa meza hizi nne, kisha osha kitambaa, kisha njoo uniambie. Na ratiba iandikwe kwa namna moja tu ya kuhesabu saa, ya Kiswahili au ya Kizungu. Bosi akisema saa mbili na simu ikaonyesha 8:00, wengine watakuja saa wanayoisoma na wengine saa waliyoisikia.

Usafiri nao ni somo. Tunaanza na basi la mwendokasi Jumapili vituo vikiwa vitupu, tunarudia siku ya kazi mchana, mwisho ndiyo asubuhi ya watu kubanana. Anafundishwa pia la kufanya basi lisipokuja: akae wapi, ampigie nani. Daladala ni ngumu zaidi, kwa makelele ya konda na njia zinazobadilishwa ghafla.

Kuhusu malipo, nasema wazi. Mafunzo ya kazini bila mshahara yawe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Miezi mitatu inatosha kujua kama kazi inamfaa. Anayepanga rafu mwaka mzima kwa nauli tu anatumikishwa, hata kama kila mtu anamchekea vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Ulemavu wa usonji hauonekani kwa macho, na maofisa wengi wa rasilimali watu hawamfikirii kijana wa namna hii wanapohesabu asilimia hiyo. Wakumbusheni.

Wengi hawatafika kwenye kampuni yenye watu 20. Watafanya kazi kwa fundi seremala, kwenye duka la shangazi, kwenye banda la kuku. Sioni ubaya. Kijana kukaa na fundi, akianza na msasa na kufika kwenye randa, ni utaratibu tulionao tangu zamani, na unafanana sana na huo wa Virginia. Fundi apewe maelezo yaleyale, na kijana alipwe kwa anachotoa.

Ajira hizi mara nyingi huvunjika kimyakimya baada ya mwaka au zaidi, meneja anapohamishwa na mpya akaja hajaambiwa kitu. Andaeni ukurasa mmoja, ukae kwenye faili la kijana: kazi zake kwa mpangilio, namna anavyopenda kuelekezwa, kinachomvuruga na kinachomtuliza, mahali anapopumzikia, na namba ya simu ya mkufunzi. Kijana mwenyewe ausome na kukubali kila mstari kabla haujaingia kwenye faili.