Jumuiya ya watumia maji ni nini, na inalindaje ubora wa maji?

Jumuiya ya watumia maji ni kundi la watu wanaotegemea chanzo kimoja, uwe mto, kijito, chemchemi au lambo, ambao wamekubaliana kukitunza na kugawana maji yake, kisha wakajisajili kisheria. Mwenye bustani ya mchicha, mfugaji, mfyatua matofali, kiwanda, shule, mamlaka ya maji ya mji: yeyote anayechota hapo ana nafasi ndani yake. Tanzania jumuiya hizi zinasimama juu ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kenya ziliingizwa na Sheria ya Maji ya 2002, zikabaki katika ile ya 2016, na wenyeji huzitaja kwa kifupisho tu: WRUA.

Wengi huichanganya na kamati ya maji ya kijiji. Ile inayoendesha bomba, inayokusanya hela ya ndoo na kumwita fundi pampu ikiharibika, ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, maarufu kama CBWSO, ambacho Tanzania kinasimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, tangu 2019. Kazi yake inaanzia kwenye kidaka maji kuteremka hadi kwenye kilula, yaani bomba la kuchotea. Jumuiya ya watumia maji inashughulika na yanayotokea huko juu, kabla maji hayajaingia kwenye bomba la mtu yeyote. Vijiji vingine vina kimoja, vingine vyote viwili, na pale visipozungumza, CBWSO hujikuta inanunua dawa ya kutibu uchafu ambao ungezuiwa mlimani.

Kwa nini kazi hii wapewe wanakijiji ilhali kuna serikali? Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, kila moja na bodi yake, na bonde la Rufiji peke yake linameza eneo kubwa kuliko nchi nyingi ndogo. Ofisa wa bodi hawezi kujua kwamba juzi usiku kuna aliyeosha bomba la kupulizia dawa kwenye kijito. Jirani anajua. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini bikoni iliyosimikwa bila makubaliano hung'olewa au hugeuzwa kiti cha kupumzikia. Mpaka waliouchora wenyewe, wakijua shamba la nani linaguswa na kwa kiasi gani, hudumu zaidi. Wapare na ndiva zao (mabwawa madogo ya kumwagilia), Wachaga na mifongo yao (mifereji), walikuwa na zamu, faini na wazee wa maji muda mrefu kabla ya bodi yoyote.

Uchafu mwingi wa mito yetu ya vijijini hautoki kwenye bomba la kiwanda ambalo unaweza kulinyooshea kidole. Hutoka kila mahali kidogo kidogo: udongo wa shamba lililolimwa kufuata mteremko, mbolea, samadi, choo kilichochimbwa karibu mno na kisima, zebaki ya wachimbaji wadogo. Ndiyo maana jumuiya nyingi huonekana kama hazifanyi jambo kubwa. Zinajenga birika la kunyweshea ng'ombe mbali na ukingo ili mifugo isikanyage mto. Zinaondoa mikaratusi kwenye chemchemi na kupanda miti ya asili. Zinafanya doria, zinaamua ugomvi wa zamu, na pengine zinakusanya ada kwa niaba ya bodi.

Kupima nako kunawezekana bila maabara. Kuna mrija mrefu wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye alama nyeusi na nyeupe kwenye kitako; unamimina maji mpaka alama isionekane, unasoma kimo, unajua tope limezidi au limepungua. Kuna kichupa ambacho maji yake hugeuka meusi yakiwa na dalili ya kinyesi. Afrika Kusini wana mtindo uitwao miniSASS: unageuza mawe ya kijito, unahesabu aina za wadudu waishio chini yake, unatoa alama. Huu naupenda kuliko yote. Chupa ya sampuli inakuambia maji yakoje saa hiyo hiyo uliyochota, lakini mdudu ameishi pale wiki nyingi, na kama kuna kilichomwagwa usiku wa manane, kutokuwepo kwake kutasema. Bila shaka, kwa maji ya kunywa bado lazima maabara ithibitishe. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kutokuwa na bakteria hata mmoja wa E. koli, ambaye ni dalili ya kinyesi, katika mililita 100.

Thamani ya kuweka kumbukumbu za vipimo hivyo ilionekana kwenye Mto Mara, Machi 2022. Maji yalibadilika rangi upande wa Tanzania, maeneo ya Kirumi, yakanuka, samaki wakaelea wamekufa. Macho ya wengi yalielekea migodini. Kamati iliyoundwa na serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Watu walicheka, wengine walikasirika. Kisayansi jambo hilo si muujiza: upande wa Kenya wa mto huohuo watafiti walishaonyesha kwamba kinyesi cha viboko kikirundikana kwenye madimbwi kisha kikasombwa na mvua, samaki hufa kwa kukosa oksijeni. Lakini kuwa jambo linawezekana hakuthibitishi kwamba ndilo lililotokea. Kama wanavijiji wangekuwa na daftari la vipimo vya miaka mitano iliyotangulia mikononi mwao, mjadala ungekuwa na mahali pa kuanzia, na wao wasingekuwa wasikilizaji tu wa ripoti ya watu wengine.

Sasa gharama. Hapa ndipo ushirikishwaji mwingi hufia, kwa maoni yangu. Wa juu anaambiwa aache kulima mita 60 za shamba lake bora. Anayefaidi maji safi yuko kilomita nyingi chini. Kumwita huyo wa juu mkutanoni, kumpa soda na kumsainisha mahudhurio si kumshirikisha. Ziwa Naivasha, Kenya, walijaribu kitu kingine kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000: watumiaji wa chini, wakiwemo wenye mashamba ya maua, walichanga kupitia chama chao ili wakulima wadogo wa vyanzo vya Mto Malewa wapewe vocha za pembejeo, nao wakapanda majani ya kuzuia udongo, wakachimba matuta na kupanda miti. Kiasi kwa kila mkulima kilikuwa kidogo, na majani hayo yalilisha ng'ombe pia, jambo ambalo nadhani liliwashawishi kuliko vocha yenyewe.

Udhaifu mwingine ni wa ndani. Mwenyekiti akiwa ndiye mwenye shamba kubwa kandokando ya mto, nani atamtoza faini? Wanawake, ambao ndio wachotaji na wa kwanza kugundua maji yamebadilika harufu, huwa wajumbe wa kujaza idadi. Jumuiya iliyozaliwa na mradi mara nyingi hubaki na bango tu mradi ukiondoka.

Ukitaka kujua kama mto wako una jumuiya, anza kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde. Kenya, ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ukiambiwa ipo, omba vitu vitatu: orodha ya wanachama kutoka juu hadi chini ya mto, daftari la vipimo, na hesabu ya faini zilizotozwa, na alitozwa nani.