Kufundisha uchaguzi darasani si kupiga kampeni

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu kutoka shule za Mtwara na Lindi ni ya namna mbili, na yanapingana. Wazazi wanasema mwalimu fulani anaingiza siasa darasani. Walimu nao wanasema wakigusa tu neno "kampeni" wanaitwa kujieleza, kwa hiyo wanaona heri kuiruka mada, au kuandika ubaoni maana ya uchaguzi, wanafunzi wanakili, kengele inalia. Tunaamini kila upande una nia njema. Tatizo ni kwamba wote wanadhani sheria inasema jambo ambalo haisemi.

Sheria ya Vyama vya Siasa, Sura ya 258, inakataza kuanzisha tawi au chombo chochote cha chama shuleni, chuoni au mahali pa kazi, na kufanya mikutano ya chama huko. Haikatazi kueleza chama ni nini, mgombea anapatikanaje, wala kura inahesabiwaje. Mwalimu anaweza kuwa mwanachama wa chama. Asichotakiwa kufanya ni kuingia darasani na fulana ya chama, kuwapeleka wanafunzi mkutanoni wakiwa na sare za shule, au kuwadokeza yeye anampigia nani. Kusoma aya moja moja ya ilani za vyama viwili au vitatu, majina yakiwa yamefunikwa, ni somo halali kabisa.

Tuanze na yale yanayochanganywa kila mara. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na ulichagua wenyeviti na wajumbe wa vijiji, mitaa na vitongoji. Uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 ulisimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ulihusu rais, wabunge na madiwani. Diwani yuko kwenye uchaguzi mkuu, ingawa kazi yake iko kwenye kata. Orodha za wapiga kura pia ni mbili tofauti: aliyejiandikisha kijijini Oktoba 2024 hakuwa ameingia kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Tumelieleza hili mara nyingi na bado tunaulizwa "kadi yangu ya kijijini iko wapi". Hakukuwa na kadi.

Wanafunzi wengi pia wamefuatilia uchaguzi wa Kenya kwenye simu na wanadhani rais wa Tanzania lazima avuke asilimia 50. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, mshindi hapa ni aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Vilevile ibara ya 41(7) inasema matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume hayachunguzwi na mahakama yoyote, wakati ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu. Mwalimu aifundishe ibara kama ilivyoandikwa. Wanafunzi wakitaka kujadili kama inafaa, wajadili.

Watauliza pia kuhusu Oktoba 2025, maandamano na intaneti kuzimwa. Kuwanyamazisha hakusaidii, maana hawakuyasoma vitabuni. Ugawe ubao mara mbili: upande mmoja yanayojulikana na nani kayasema, upande wa pili yanayosikika tu. Kwa zaidi ya hapo, mwalimu apate kwanza mwongozo wa ofisi ya elimu ya halmashauri yake.

Kwa kidato cha nne hadi cha sita kuna jambo la haraka zaidi, nalo ni kujiandikisha. Mwenye miaka 17 anaandikishwa endapo atatimiza 18 ifikapo siku ya kupiga kura. Hapo ndipo wanafunzi wa bweni wanapokwama. Kijana wa Liwale anayesoma Masasi anajiandikisha kituo kilicho jirani na shule kwa sababu ndipo alipo, anamaliza mitihani, anarudi nyumbani, na siku ya uchaguzi jina lake liko Masasi. Swali la kumuuliza ni moja: Oktoba ya mwaka wa uchaguzi utakuwa unalala wapi? Akishakosea, dawa ni kuhamisha taarifa zake wakati daftari linapoboreshwa. Asijiandikishe upya. Kifungu cha 114(1) cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 kinasema anayejiandikisha zaidi ya mara moja anatenda kosa, na akitiwa hatiani atatozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au vyote kwa pamoja. Kusema "nilidhani ya kwanza imefutika" si utetezi wa kutegemea.

Kampeni ifundishwe kwa ahadi. Andika ubaoni tatu ambazo mtoto wa Tandahimba au Nachingwea amezisikia kwenye spika za gari: bei ya korosho itapanda, barabara ya Mtwara–Newala–Masasi itawekwa lami yote, zahanati ya kijiji haitakosa dawa. Kila kundi litafute nani hasa mwenye uwezo wa kuitimiza. Bei ya korosho inapatikana mnadani, wanunuzi wakishindana. Mgombea udiwani hana mkono hapo, ila akishinda atakaa kwenye baraza linalopanga ushuru wa mazao utumikeje. Barabara ile ya kilomita 210 iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na fedha zake hupita bungeni, wakati za ndani ya wilaya ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Zoezi hili linamalizika kwa kipindi kimoja, na baada yake wanafunzi huanza kusikiliza mikutano kwa sikio jingine.

Kuhusu kofia, kanga na "ya soda": Mahakama Kuu ilivifuta mwaka 2006 vifungu vya takrima, yaani vilivyoruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja mwaka 2010. Bado kuna watu wazima wanaotuuliza kama ya soda ni rushwa. Ni rushwa. Kwenye uchaguzi wa viranja, maandazi na pipi vihesabiwe hivyo hivyo.

Na uchaguzi huo wa viranja ndio maabara yenu. Shule nyingi huuharibu kwa kunyoosha mikono, au kwa sanduku kupelekwa ofisi ya walimu na jina kutoka huko. Mkulima akipeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hasubiri jioni aambiwe kilo zake. Anatazama mizani na anapewa stakabadhi. Kura ihesabiwe hivyo.

Kwa shule ya wanafunzi 480 na nafasi moja: karatasi ya A4 inatoa karatasi nne za kura, hivyo karatasi 120 zinatosha, na sita zaidi kwa kura 24 za akiba. Madarasa ya chini yatahitaji alama. Msitumie jembe na nyundo wala vidole viwili, kuna vyama nyuma yake. Pweza, ngalawa na chungu havina ugomvi na mtu. Kituturi, yaani kificho cha kupigia kura, ni katoni iliyofunguliwa upande mmoja juu ya dawati, na dawati likae ili mgongo wa mpiga kura uelekee ukutani, asiwepo wa kuchungulia nyuma yake. Vituturi vinne na meza mbili za kuhakiki majina vitamaliza foleni kwa takribani saa mbili. Ukiweka meza moja, vituturi vitakaa vitupu na foleni itafika uwanjani. Mwanafunzi asiyeona achague mwenyewe wa kumsaidia, asipangiwe na mwalimu.

Sanduku ni ndoo nyeupe ya lita 20 yenye mfuniko. Ionyeshwe tupu mbele ya mawakala wa wagombea, ifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na wasaini juu ya utepe.

Kabla ya kuhesabu nani kapata ngapi, linganisheni: kura zilizokutwa sandukuni, zilizobaki bila kutolewa na zilizoharibika zijumlishwe zilete 504. Isipofika, simameni hapo hapo mtafute. Kura iliyoharibika ni ile mwanafunzi aliyoikosea, akairudisha na kupewa nyingine. Iliyokataliwa ilikwisha kuingia sandukuni ila haionyeshi imempa nani. Mkizichanganya hizi mbili hesabu haitakubali, na mtaanza kutuhumiana bure. Alama ya vema iliyotoka kidogo nje ya kisanduku isikataliwe kama nia ya mpiga kura iko wazi.

Fomu ya matokeo isainiwe, kila wakala apewe nakala, moja ibandikwe ubao wa matangazo siku hiyo hiyo. Kama uongozi wa shule una masharti ya nidhamu au taaluma kwa wagombea, yatangazwe kabla ya fomu kuchukuliwa. Kumwengua mshindi baada ya kuhesabu ndilo lalamiko tunalolipokea zaidi kuliko yote, na halina majibu mazuri.

Kura zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa na zitunzwe wiki mbili kusubiri rufaa, kisha kamati ya uchaguzi izichome. Tundu la kutumbukizia likatwe kwenye mfuniko pekee, sentimita 10 kwa moja, ili ndoo irudi jikoni.