Dhabihu ya Sifa Ina Maana Gani?

Mara nyingi, mapambio ya kuabudu yanapokwisha na kinanda kikiwa bado kinalia kwa sauti ya chini, mwimbishaji hutuambia kwamba leo tumetoa dhabihu ya sifa. Anachomaanisha ni kwamba watu wamelia, wamepiga magoti, na wengine wangali wameinua mikono huku wamefumba macho. Nimeyasikia matumizi hayo mara nyingi mno, hata kwa watu waliokomaa katika imani, na naona inafaa neno hili lirudishwe mahali pake.

Dhabihu ni kitu cha thamani ambacho mtu humtolea Mungu, kikamtoka kabisa. Dhabihu ya sifa ni sifa inayotolewa kwa namna hiyo hiyo.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, katika mzizi wenye maana ya kuchinja, na jamaa yake wa Kiebrania ana maana hiyo hiyo. Madhabahu nayo imezaliwa na mzizi huo: ni mahali pa kuchinjia. Leo wengi wetu tukisikia madhabahu tunaona jukwaa lenye zulia, maua, spika na maikrofoni, na mimi sina neno na usafi wa mahali pale, lakini jina lake linanuka damu na moshi. Ukisoma Walawi sura ya 1 utaona kwamba mwenye ng'ombe alimchagua asiye na kilema, akaweka mkono juu ya kichwa chake, kisha ng'ombe akachinjwa na kuteketezwa. Mtu huyo alirudi nyumbani na zizi lililopungua. Sadaka ina asili nyingine, kwani imetoka katika mzizi wa ukweli, ule uliotupa pia kusadiki. Nayo korbani, yaani kitu kilichotolewa kwa Mungu, neno ambalo Biblia yetu imeliacha kama lilivyo katika Marko 7:11, ni la mzizi wa kukaribia, ule ule ambao, kwa njia ya Kiarabu, umetupa neno tunalomwambia kila mgeni mlangoni: karibu.

Nadhani mkanganyiko unaanzia hapo. Wimbo mzuri hutusogeza karibu na Mungu, nasi tukijiona tumekaribia tunadhani kule kukaribia ndiyo dhabihu. Lakini Torati inasema wazi, katika Kutoka 23:15, kwamba mtu asihudhurie mbele za Mungu na mikono mitupu. Mtu alikaribia akiwa na kitu mkononi, na kitu hicho hakurudi naye.

Kiswahili chenyewe kimetusaidia kuiona tofauti hii, laiti tungekisikiliza. Tunasema "nimeguswa", na kitenzi hicho kiko katika kauli ya kutendwa: aliyeguswa amepokea. Tunasema "nimetoa", nacho ni kitenzi cha mtu aliyetenda. Anayetoka ibadani akiwa amefarijiwa, mzigo umemshuka na moyo umelainika, amepewa kitu kikubwa, nami sitamdharau, kwa kuwa machozi hayo yamenitoka mimi pia na sitaki yanikauke. Hata hivyo wapiga vinanda wanajua kwamba ngoma zikinyamaza kidogo, kisha sauti ikapandishwa kabla ya kiitikio cha mwisho, watu huguswa, na huguswa vivyo hivyo katika ukumbi wa harusi. Hilo haliufanyi mguso wa kanisani kuwa wa uongo. Linaonyesha tu kwamba mguso peke yake hauwezi kutuambia kama kuna kilichotolewa.

Maneno "dhabihu ya sifa" yamo katika Waebrania 13:15, na mwandishi wake hakuyaokota hewani. Katika Walawi sura ya 7 kulikuwa na dhabihu ya shukrani, ambayo nyama yake ililiwa siku ile ile bila kubakizwa hadi asubuhi. Yeye aliichukua ibada hiyo ya mnyama na mikate akaihamishia midomoni, kwenye kuliungama jina la Mungu, akiwaandikia watu ambao, mistari miwili tu kabla, amewaalika watoke nje ya kambi wakilichukua shutumu la Kristo. Kuliungama jina hilo kungewagharimu. Na mstari unaofuata, ambao sijawahi kuusikia ukisomwa baada ya pambio, unawakumbusha wasisahau kutenda mema na kushirikiana, maana hizo nazo ni sadaka zinazompendeza Mungu.

Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa katika ufalme wa Buganda, na masimulizi ya kanisa yanasema walikwenda kuuawa wakiimba wimbo wa sifa. Si lazima kila dhabihu ifike huko. Nimemwona mama aliyemzika mwanawe Alhamisi akasimama kwenye safu ya kwaya Jumapili, sauti ikimkatika kila mstari, naye akaendelea hadi ubeti wa mwisho. Sidhani kwamba wimbo ule ulimpa raha yoyote. Mfalme Daudi naye, mtu aitwaye Arauna alipomzawadia kiwanja chake cha kupuria nafaka na ng'ombe wa sadaka, alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha.

Kwa hiyo, ndugu mwimbishaji, tukimaliza kuimba na nyuso zetu zimelowa, tuambie kwamba Bwana ametugusa, nasi tutaitika amina kwa moyo wote. Kama tumetoa dhabihu au la, hilo usilitangaze bado, maana wengi wetu tutakuwa hatujafika hata nyumbani.