Anaimba Kwaya, Lakini Biblia Hajaisoma

Kila siku ya wazazi nasikia maneno yale yale. "Mwalimu, kwenye Bible Knowledge sina wasiwasi. Mtoto wangu amekulia kanisani, yuko kwaya, yuko UKWATA. Hilo somo ni lake." Mzazi Mkatoliki atataja TYCS, Mpentekoste atataja CASFETA, vyote vyama vya wanafunzi Wakristo, ila dhana ni moja: mtoto anayesali sana hana haja ya kulisoma somo hili. Nalifundisha somo hili la Biblia kwenye sekondari ya Kikristo hapa Dar es Salaam, na hakuna dhana inayowaangusha wanafunzi wangu kama hiyo.

Kanisani mtoto anaisikia Biblia vipande vipande. Mahubiri yanabeba mistari michache, wimbo wa kwaya unabeba mmoja, na kila asubuhi mstari wa siku unaingia kwenye kundi la jumuiya. Sina ugomvi na hayo, ibada ina kazi yake. Lakini mtihani wa kidato cha nne hauulizi mstari unaoupenda. Unauliza nani alifanya nini, kwa nini, na kukatokea nini baadaye. Tena unataka jibu kwa Kiingereza, wakati mtoto Biblia yote ameisikia kwa Kiswahili.

Muulize kijana wa kanisani habari za Sulemani. Atakwambia aliomba hekima, aliamua kesi ya wale wanawake wawili waliogombea mtoto, akajenga hekalu. Sawa kabisa. Sasa muulize kwa nini ufalme uligawanyika mara tu baada ya kufa kwake. Ataandika "kwa sababu walimwacha Mungu," ataweka nukta na kuhamia swali linalofuata. Kitabu cha Wafalme wa Kwanza kinasema zaidi ya hapo. Sulemani alitoza shokoa, yaani kazi ya lazima, ya watu 30,000, akawa anawapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Hekalu alilijenga kwa miaka 7, nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13. Alikuwa na wake 700 na masuria 300, na uzeeni wakaugeuza moyo wake uifuate miungu yao. Watu walipokusanyika Shekemu, walimwomba mwanawe Rehoboamu jambo moja tu, awapunguzie kongwa la baba yake. Akaliacha shauri la wazee, akafuata la vijana waliokua pamoja naye, na makabila kumi yakaondoka na Yeroboamu. Mwandishi ameziweka sababu zote mbili, ibada ya miungu na mzigo wa kazi. Anayeandika moja anaondoka na nusu ya alama, halafu mzazi ananijia kuuliza imekuwaje mtoto wa mzee wa kanisa akapata D.

Asiyeelewa mgawanyiko huo hatamwelewa Amosi pia. Amosi anatoka Tekoa, kusini, katika Yuda, anakwenda kutoa unabii Betheli, kaskazini, katika Israeli. Ndiyo maana kuhani Amazia anamfukuza arudi kwao Yuda akale mkate wake huko. Bila ramani kichwani, sura ile ya saba ni ugomvi wa watu wawili usio na sababu.

Au tuje kwenye Yeremia 29:11, mstari unaopendwa kuliko yote kwenye kadi za mahafali: "ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Wanafunzi wangu karibu wote wanao kwa moyo. Wachache mno wanajua kwamba umetoka kwenye barua iliyoandikiwa mateka wa Babeli. Mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka 70, na mstari wa 5 unawataka wajenge nyumba na kupanda bustani, maana hawarudi karibuni. Wengi walioisikia barua ile kwa mara ya kwanza wangefia huko huko. Sura moja nyuma, nabii Hanania alikuwa amewaahidi miaka miwili tu, na Yeremia akamwambia amewategemeza watu hawa kwenye uongo. Mstari haupungui nguvu kwa kuyajua hayo. Kijana aliyefiwa na mzazi, au aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, anamwelewa Yeremia wa barua ile kuliko Yeremia wa kwenye kadi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ule ule ninaoutoa kila muhula, na nitaendelea kuutoa: kijana asome kitabu kizima kwa mkupuo. Marko ina sura 16, ni kazi ya alasiri moja ya Jumamosi. Asome kwanza kwa Kiswahili, siku nyingine arudie kwa Kiingereza, achore ramani kwa mkono wake mwenyewe kuanzia Dani kaskazini hadi Beer-sheba kusini. Na asome Biblia ya karatasi. Kwenye simu anatafuta mstari, anaupata, anafunga, bila kuona kilichotangulia wala kinachofuata.

Dhana ya pili ni jamaa ya hiyo: "Ameshapata kipaimara, amemaliza." Wazazi wanakodi ukumbi, wanachangisha, wanaalika ukoo mzima, na Jumapili inayofuata kijana haonekani. Kwenye kipindi cha dini naye anakaa nyuma kama mtu aliyekwisha kuhitimu. Kipaimara ni mtoto kuthibitishwa katika imani, yaani ndipo anapoanza kuibeba mwenyewe. Kwa Walutheri nakumbusha jambo moja zaidi. Martin Luther aliandika Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, baada ya kuzunguka sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata mambo ya msingi ya imani yao. Vichwa vya sehemu zake vinamtaja baba wa nyumba kuwa ndiye wa kuwafundisha walio nyumbani mwake. Mwalimu wa dini anaongezea juu ya kile kilichoanzia mezani kwenu. Kama hakuna kilichoanzia hapo, vipindi vyangu haviwezi kukifidia.

"Shule ya kanisa itamnyoosha." Hapana. Shule haina dawa ya kijana ambaye wazazi wake hawajazungumza naye tangu aingie kidato cha pili. Wanaodokeza fimbo, wakinitajia Mithali 13:24, wajue kwamba kanuni za serikali za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zimeweka mpaka: viboko visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Kipindi cha dini si mahali pa adhabu, na kijana anayekihusisha na fimbo hatanifungulia moyo kuhusu jambo lolote.

"Anauliza maswali mengi, imani imeyumba." Yesu wa miaka 12 alikutwa hekaluni katikati ya waalimu, "akiwasikiliza na kuwauliza maswali." Habakuki anafungua kitabu chake kwa kumuuliza Mungu atalia hata lini. Kijana anayenipa kazi ni yule asiyeuliza kabisa, kwa sababu mara nyingi ameshaamua na hatuambii.

Wazazi Waislamu wenye watoto kwetu huniuliza kama mtoto atalazimishwa kubatizwa. Ibara ya 19 ya Katiba inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi. Hilo linatufunga na sisi.

La mwisho ni la wale wanaochagua somo hili ili "kubeba matokeo." Kozi nyingi za cheti na diploma vyuoni zinadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. A ya Bible Knowledge haiingii kwenye hesabu hiyo. Mtoto asome Biblia kwa sababu anataka kuijua, na hisabati aikazanie kama wenzake. Wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, kaeni naye na mwongozo wa udahili wa kozi anayoitaka mkononi, muyahesabu masomo yake yasiyo ya dini moja moja, ndipo mje kwangu tuzungumze.